Daktari na Kompyuta Yake

Swali: Huku Nemba, Biharamulo, daktari huniuliza huku akitazama kompyuta. Ananisikiliza kweli?

Jibu: Huenda anakusikiliza, ila una haki ya kuona uso wake. Mfumo wa kompyuta wa GoT-HoMIS, unaotumika katika vituo vya afya vya serikali ya Tanzania, huunganisha mapokezi, maabara, dawa na malipo; anachochapa humfikia mfamasia bila karatasi kupotea njiani. Wapo wasemao daftari la mgonjwa lilitosha. Daftari huloana, husahaulika nyumbani, na jirani hulifunua. Tena Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, hazifai kufunuliwa ovyo. Kasoro basi haimo kwenye mashine, imo katika kuchapa mgonjwa akiwa bado anaeleza. Mwombe akusomee alichoandika. Hapo atalazimika kukugeukia.