Gitaa la Mtumba Mnadani: Unashindana na Nani?

Umeona gitaa la Yamaha lililotumika likipigwa mnada eBay. Bei imeanzia dola 60, na wewe umejipangia usipite 110. Lakini kila ukiweka dau, kuna mtu anakupita kwa dola mbili tatu. Kabla hujaongeza, hebu fungua historia ya madau.

Majina yamefichwa kwa nyota, sawa, ila tabia haifichiki. Angalia ni asilimia ngapi ya madau ya huyo mpinzani, kwa siku 30 zilizopita, yameenda kwa muuzaji huyu huyu. Tuseme ni 100, akaunti ni mpya kabisa, na amepanda pole pole hadi akajua mwisho wako, kisha akaondoa dau lake. Hapo huenda ni muuzaji mwenyewe, ama beste yake, anapandisha bei. Mchezo huo eBay imeukataza, kwa hivyo ripoti. (Dalili moja pekee haitoshi, kuna watu wanapenda tu muuzaji mmoja.)

Wakati mwingine unashindwa, halafu unaletewa ujumbe: mshindi amekataa kulipa, chukua wewe kwa dau lako la mwisho. Nafasi ya pili ya aina hiyo ipo kihalali, lakini jiulize ni nani alilisukuma dau lako hadi hapo. Na ukiambiwa ulipe nje ya mnada, kwa namba ya simu, usiweke PIN. Kama ulishatuma, tupigie saa hiyo hiyo, kabla mpokeaji hajatoa pesa.