Fahamu Kiwango cha Pato la Mtaji Kabla ya Kununua Fremu za Biashara



Katika miji ya ukanda wa dhahabu, kama Masumbwe wilayani Mbogwe, mkoani Geita, wananchi wengi huwekeza akiba yao katika fremu za biashara. Uwekezaji huo ni mzuri, lakini mara nyingi mnunuzi huelezwa jumla ya pango pekee, wala haelezwi kitakachobaki mkononi. Katika somo hili tunafafanua kipimo kinachomsaidia kujua kama bei anayotajiwa ni ya haki. Kipimo hicho tunakiita kiwango cha pato la mtaji.

Namna ya kukokotoa

Chukua pato halisi la jengo kwa mwaka, ligawanye kwa bei ya kununulia, kisha zidisha kwa 100. Pato halisi ni pango lililokusanywa baada ya kuondoa gharama za kuliendesha jengo.

Tuchukulie mfano wa jengo lenye fremu 6, kila moja ikipangishwa kwa shilingi 150,000 kwa mwezi, na bei yake ni shilingi 90,000,000. Pango la mwaka mzima ni shilingi 10,800,000. Dalali atasema kwamba jengo linalipa asilimia 12. Hesabu hiyo haijakamilika.

Endapo fremu 2 zitakosa wapangaji kwa miezi 3 kila moja, zitapungua shilingi 900,000. Ulinzi, ukarabati, usafi, usimamizi, kodi ya jengo na kodi ya ardhi vikigharimu shilingi 2,700,000, pato halisi litakuwa shilingi 7,200,000, yaani asilimia 8 ya bei. Marejesho ya mkopo na kodi ya mapato havimo katika kipimo hiki, vihesabiwe kando.

Kiwango kikubwa si zawadi

Jengo linalotangazwa kuwa na kiwango kikubwa huwa limeuzwa kwa bei ndogo kulingana na pato lake. Jiulize sababu. Huenda wanunuzi wengine wanahofu kwamba pango halitadumu. Hofu hiyo ina msingi mahali ambapo wapangaji hutegemea dhahabu, kwa kuwa kila mgodi una mwisho. Mgodi wa Buzwagi uliopo Kahama ulianza uzalishaji mwaka 2009, na mwaka 2021 ukaingia katika hatua ya kufungwa. Wachimbaji wadogo nao huhama pindi dhahabu inapopatikana kwingine.

Turudi katika mfano wetu. Pango likishuka hadi shilingi 100,000, na fremu zikikosa wapangaji kwa muda uleule, makusanyo yatakuwa shilingi 6,600,000. Gharama hazishuki pamoja na pango. Hivyo pato halisi litakuwa shilingi 3,900,000, sawa na asilimia 4.3 tu. Pango limepungua kwa theluthi moja, lakini pato limepungua kwa karibu nusu.

Tumia kipimo kupanga bei

Amua kwanza kiwango kitakachokutosheleza, ukilinganisha na faida ya hatifungani za Serikali, ambazo hazihitaji mlinzi wala fundi. Ukitaka asilimia 12, gawanya pato halisi la shilingi 7,200,000 kwa 0.12. Utapata shilingi 60,000,000. Hiyo ndiyo bei ya juu unayopaswa kukubali, si 90,000,000.

Kabla ya kutia saini, tunakushauri:

1. Uombe mikataba ya wapangaji na stakabadhi za pango za miezi 12 iliyopita. Maneno ya mdomo hayatoshi.
2. Uzungumze na wapangaji wenyewe, ujue biashara zao zinategemea nini.
3. Uhakiki umiliki wa kiwanja katika mamlaka ya ardhi.
4. Ukokotoe upya kiwango kwa pango lililopungua kwa theluthi moja. Iwapo hutaweza kuvumilia matokeo hayo, bei ni kubwa mno kwako.

Muuzaji mwaminifu hatachukizwa na maswali haya. Ukiharakishwa ulipe kabla ya kujibiwa, ahirisha ununuzi.