Mapigo matatu au manne?

Swali: Katika Dungeons & Dragons, mpiganaji wangu wa daraja la 5 akitumia uwezo wake wa kupata tendo la ziada, anapiga mara tatu au nne? Na je, anapata pia tendo dogo la pili?

Jibu: Anapiga mara nne. Kanuni za toleo la tano, lile la 2014, hazisemi kwamba ana pigo moja la nyongeza kwa zamu. Zinasema akichagua tendo la kushambulia, anapiga mara mbili badala ya moja. Uwezo alioupata daraja la 2 unampa tendo zima jingine, basi mbili na mbili. Mpinzani atautaja uchawi wa kuongeza kasi, ambao nao hutoa tendo lakini pigo ni moja tu. Ni kweli, ila kikomo hicho kimeandikwa ndani ya uchawi wenyewe, na kisingehitaji kuandikwa kama ndiyo ingekuwa kanuni ya jumla. Tendo dogo lina hesabu yake: ni moja kwa zamu, na tendo kamili haligeuzwi kuwa dogo. Wanaolalamika kwamba mpiganaji amependelewa wanasahau kwamba akishautumia uwezo huo, hana budi kupumzika walau saa nzima ndipo aurudie.