Somo la Mwezi: Kupima na Kuongeza Oili ya Pikipiki

Ndugu mkulima, pikipiki ni mtumishi mkubwa wa shamba. Ndiyo ipelekayo maziwa kituoni alfajiri, ndiyo iletayo mbolea, na mtoto akiugua usiku ndiyo impelekayo hospitali. Lakini watu wengi hukumbuka petroli kila siku na kuisahau oili mpaka injini inoki njiani. Siku hiyo maziwa huchacha, na gharama ya kufungua injini hupita mara nyingi bei ya chupa moja ya oili. Kupima oili ni kazi ya dakika chache tu, nawe waweza kuifanya mwenyewe.

KAZI YA OILI

Somo hili ni la pikipiki ambazo oili hukaa ndani ya injini, wala haichanganywi na petroli. Pikipiki nyingi za siku hizi ni za namna hiyo.

Ndani ya injini vyuma husuguana maelfu ya mara kila dakika. Oili hukaa katikati yao ili visilane. Tena hupunguza joto na kuchukua uchafu. Katika pikipiki nyingi oili hiyo moja hutumiwa na injini, gia na klachi. Injini ya cc 100 mpaka 150 huchukua yapata lita 1 tu. Basi ikipungua robo lita, umepoteza robo ya oili yote. Na pikipiki nyingi ndogo hazina taa ya kukuonya.

JINSI YA KUPIMA

1. Simamisha pikipiki mahali tambarare, kwa stendi ya katikati. Kama haina, mtu mwingine aishike wima. Usipime ikiwa imelalia stendi ya pembeni, maana oili hukimbilia upande mmoja na kipimo hukudanganya. Hili ndilo kosa la wengi.

2. Washa injini kwa dakika 3 hivi, kisha izime. Ngoja dakika 2 au 3 ili oili ishuke chini.

3. Pangusa vumbi kuzunguka kifuniko cha oili. Mchanga ukiingia ndani utakula vyuma.

4. Fungua kifuniko chenye kijiti cha kupimia. Kifute kijiti kwa kitambaa safi, ukirudishe, kisha ukitoe na kutazama. Katika pikipiki nyingi kijiti hurudishwa bila kukazwa, lakini nyingine hutaka kikazwe. Fuata kitabu cha pikipiki yako, au umwulize fundi mara moja tu, ukumbuke.

5. Kijiti kina alama mbili. Oili yafaa iwe kati ya alama ya chini na ya juu. Pikipiki nyingine hazina kijiti, bali kioo kidogo ubavuni mwa injini. Tazama alama zake vivyo hivyo.

JINSI YA KUONGEZA

Ikiwa oili imekaribia alama ya chini, ongeza. Ikiwa imeshuka chini yake, usiendeshe hata kidogo kabla ya kuongeza.

Mimina kidogo kidogo kwa faneli safi, ungoje, kisha upime tena. Haba na haba hujaza kibaba. Usipite alama ya juu. Oili ikizidi hufanya povu, na huweza kusukumwa nje au kuungua na kutoa moshi.

Nunua oili ya pikipiki yenye namba zilizoandikwa katika kitabu chako, kama 20W-50 au 10W-30. Tafuta pia herufi JASO MA au MA2 juu ya chupa. Oili nyingine za motokaa hufanya klachi iteleze. Hakikisha kizibo cha chupa hakijafunguliwa.

Ukimaliza, kaza kifuniko vizuri.

TAZAMA NA HALI YA OILI

Oili kuwa nyeusi baada ya kazi si ajabu. Lakini ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Ikinuka petroli sana, au ukiona chembe za chuma zikimetameta, mwone fundi upesi. Ikiwa unaongeza kila mara, tafuta mahali inapovuja. Kama havuji popote na moshi ni wa buluu, injini yaila oili.

Kumbuka pia kwamba kuongeza si kubadilisha. Oili iliyochoka haiponi kwa kutiwa mpya juu yake. Imwage yote na kutia mpya kila ufikapo mwendo uliotajwa katika kitabu chako.

OILI CHAFU

Usiimwage shambani wala mtoni. Huharibu udongo na maji ya kunywa. Usimpake ng'ombe kwenye kidonda au kwa ajili ya kupe, kwa maana ina sumu. Itie katika mtungi wenye kizibo, mbali na watoto, kisha uipeleke gereji inayokusanya oili chafu.

Basi, chagua siku moja ya juma iwe siku ya kupima, na kabla ya safari ndefu pima tena. Weka chupa moja ya oili nyumbani. Kama kijana wako ndiye aendeshaye, mfundishe leo, umtazame akipima mbele yako, ili maziwa ya kesho yafike.