Mtoto Bado Anakojoa Kitandani? Anzia Mchana

Pita asubuhi mitaa ya Magomeni au Chikongola hapa Mtwara mjini. Utaona godoro limeegemezwa ukutani, limechorwa ramani, na kando yake mtoto aliyenuna anatazama chini kwa sababu wenzake wameshaanza kumwimbia. Mzazi naye amechoka: kila siku kufua, kila siku kuanika, na wiki nzima amekuwa akiapa kwamba leo huyu ataipata. Kabla hujashika fimbo, tuzungumze. Mengi ya kumsaidia mtoto huyu yanafanyika mchana, wala hayahitaji fedha nyingi.

Kwanza, ana umri gani? Kama hajatimiza miaka 5, hana ugonjwa wala hana kosa. Mwili wake haujakomaa kwa kazi hiyo. Hata wakifika miaka 5, kati ya watoto 100, wapatao 15 bado wanalowesha kitanda. Kila mwaka baadhi yao huacha wenyewe bila dawa yoyote. Wavulana ni wengi kuliko wasichana, karibu mara mbili. Jambo hili pia hurithiwa: mzazi mmoja akiwa alikojoa kitandani utotoni, uwezekano wa mtoto kufanya hivyo unakaribia nusu, na wakiwa wazazi wote wawili unafika kama robo tatu. Kamuulize bibi yake taratibu. Huenda ukasikia habari zako mwenyewe.

Kwa nini haamki? Usiku mwili wa mtu mzima hutoa homoni, yaani kemikali inayotumwa na ubongo kuziambia figo zipunguze kutengeneza mkojo. Kwa baadhi ya watoto homoni hiyo bado haitoshi, kwa hiyo figo zinafanya kazi usiku kama mchana. Kibofu cha mtoto wa miaka 6 hubeba takriban mililita 210, ambazo hata chupa ya soda hazijazi. Kikijaa, kinapeleka taarifa kwenye ubongo, lakini mtoto amelala fofofo na taarifa haifiki. Ndiyo maana kumpiga hakusaidii. Unamwadhibu kwa jambo lililotokea akiwa usingizini, na hofu huweza kuzidisha tatizo.

Sasa tuje kwenye mchana. Mtoto anatoka nyumbani alfajiri bila maji. Shuleni maji ni ya shida, na choo hakitamaniki, basi anajibana. Anarudi saa 9 au saa 10 na joto letu hili la pwani, kiu imemshika, na kuanzia hapo hadi kulala anakunywa maji aliyopaswa kunywa kutwa nzima. Hapo godoro litapona vipi? Mtoto wa miaka 4 hadi 8 anahitaji kama lita 1 hadi 1.4 ya vinywaji kwa siku, na zaidi kidogo siku za jua kali. Sehemu kubwa ainywe kabla ya jioni. Chupa tupu ya maji ya dukani ya nusu lita, ikioshwa na kujazwa maji yaliyochemshwa, inatosha kwenda nayo shule. Mwambie anywe yote kabla hajarudi, kisha anywe tena akifika nyumbani. Mfundishe kwenda kukojoa kila baada ya saa mbili au tatu, hata kama hajabanwa sana. Ukiona mkojo wake wa mchana ni wa njano iliyokolea, bado hanywi vya kutosha.

Jioni punguza, usinyime. Saa moja au mbili kabla ya kulala anywe mafunda machache tu. Chai ya rangi mwondolee kabisa usiku, maana ina kafeini, ambayo huongeza mkojo na kusumbua usingizi. Soda za kola ni hivyo hivyo. Madafu, tikitimaji na machungwa ni vizuri, lakini viliwe mchana. Msimu wa korosho watoto hushinda chini ya mikorosho wakifyonza mabibo mpaka giza linaingia, na bibo ni maji matupu. Ramadhani nayo ina mambo yake: hata mtoto asiyefunga hukaa kwenye futari na kumaliza bakuli la uji. Mpe nusu bakuli, na kabla ya kulala akojoe mara mbili: mara moja anapoanza kujiandaa, mara ya pili anapoingia kitandani.

Hapo swali la choo haliepukiki. Nyumba zetu nyingi zina choo uani. Mtu mzima anaona ni hatua chache, ila mtoto wa miaka 6 anaona giza, vyura na mbwa wa jirani. Wapo watoto wanaoamka kabisa, wakaogopa kutoka, wakarudi kulala wakiomba Mungu. Weka ndoo yenye mfuniko au poti chumbani, mahali anapoweza kupapasa na kupata, na taa ndogo au tochi jirani. Asubuhi ioshwe, basi. Kwa maoni yangu hii ndiyo hatua ya bei nafuu yenye faida ya haraka kuliko zote, na ndiyo inayosahaulika zaidi.

Je, umwamshe usiku? Ukitaka, sawa. Nyumba ambayo baba anarudi usiku kutoka zamu ya bandarini, anaweza kumwamsha akifika. Lakini mwamshe aamke kweli, atembee mwenyewe, ajue yuko wapi. Ukimbeba akiwa usingizini na kumkojolesha, umeliokoa godoro la usiku huo tu. Kibofu hakijajifunza kitu.

Chunguza pia choo kikubwa. Utumbo uliojaa kinyesi kigumu hukibana kibofu kilicho mbele yake, nacho hukosa nafasi. Kama mtoto anapata choo chini ya mara tatu kwa wiki, au analia akijisaidia, ongeza mboga na matunda: papai, embe, kisamvu, matembele, mlenda. Mara nyingine tatizo hilo likiisha, kitanda nacho kinakauka.

Kuhusu godoro, nunua mpira ule ule ambao akina mama huambiwa waende nao wodi ya wazazi. Hukatwa kwa mita, na mmoja hudumu muda mrefu. Utandike juu ya godoro, juu yake weka kanga kuukuu mbili zilizokunjwa, halafu shuka. Usiku akilowa, toa kanga na shuka, weka nyingine, mlale. Pampasi si kosa kwa mtoto mdogo au siku za safari, lakini piga hesabu ya moja kila usiku kwa siku 30 kabla hujaamua. Chandarua kikiloa, kifue kwa sabuni ya kawaida na ukianike kivulini, maana jua kali huharibu dawa yake. Na tafadhali usimwagie jiki mkojo mbichi kwenye godoro. Vikichanganyika hutoa hewa inayodhuru mapafu. Suuza kwanza kwa maji, kisha tumia siki au ndimu.

Mpe mtoto kazi ndogo ya kusaidia, kama kupeleka shuka kwenye beseni, ila isiwe adhabu, na isiwe mbele za watu. Kwenye daftari weka alama ya kila usiku mkavu kwa wiki mbili. Msifie kwa anachokimudu, kwamba amekunywa maji mchana na amekojoa kabla ya kulala. Kukauka kwenyewe hakuko mikononi mwake.

Lini uende hospitali? Usisubiri ukiona haya: maumivu wakati wa kukojoa, homa, mtoto mkubwa anayejikojolea hata mchana, kukoroma sana, miguu kuwa dhaifu, au kiu isiyokwisha pamoja na kukonda, ambayo huweza kuwa kisukari na inahitaji kupimwa siku hiyo hiyo. Damu kwenye mkojo huku kwetu ifikirie kichocho, hasa kwa mtoto anayeoga kwenye madimbwi au mashamba ya mpunga ya bonde la Ruvuma. Vimelea vyake hutoka kwa konokono wa maji baridi, kwa hiyo kuogelea baharini hakuleti kichocho. Kama ni cha kupimwa, peleka mkojo uliotoka kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, ndipo mayai ya kichocho yanapopatikana kwa wingi. Siku ya kumeza kingatiba shuleni usimfiche mtoto nyumbani, vidonge hivyo ni bure.

Mwenye selimundu ana habari yake. Figo zake hutoa mkojo mwingi mwepesi, kwa hiyo kulowesha kitanda ni jambo la kawaida kwake. Huyu usimpunguzie maji hata jioni, kwani kukaukiwa huamsha maumivu. Mtandikie mpira, umwekee ndoo chumbani, umpe maji.

Anzia zahanati ya mtaa wako, ambako kipimo cha mkojo ni miongoni mwa vipimo rahisi. Kwa sera ya serikali, mtoto wa chini ya miaka 5 hatozwi katika vituo vya umma. Aliyezidi hapo, uliza bei dirishani kabla ya kupima na udai risiti. Ikihitajika utaandikiwa rufaa kwenda Ligula, hospitali ya rufaa ya mkoa, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyopo Mitengo. Nenda na lile daftari. Daktari anaweza kukueleza kuhusu kengele ya mkojo, kidude kinacholia mara tu chupi inapolowa, ambacho huwafundisha wengi kuamka ndani ya miezi miwili au mitatu, ingawa usitegemee kukikuta duka la dawa la mtaani. Ipo pia dawa iitwayo desmopresini. Hiyo ni ya kuandikiwa na daktari, na mtoto hapaswi kunywa maji mengi baada ya kuimeza.

Aliyekaa mkavu miezi 6 au zaidi kisha akaanza tena, muulize kwa upole kuna nini. Huenda amezaliwa mdogo wake, wazazi wanagombana, au kuna mtu anamtisha au kumgusa vibaya. Simu 116 ni ya bure kwa masuala ya watoto, na kituo cha polisi kina Dawati la Jinsia na Watoto.

Akienda kulala kwa bibi Mikindani au Msimbati, mfungie mpira na kanga zake kwenye mfuko wake mwenyewe, na umpigie bibi simu mapema umweleze. Na kama mwaka huu anaingia jando, zungumza na mzee atakayewalea kabla kambi haijaanza. Si mtoto wa kwanza wa namna hii kumpokea, na atajua kumlaza karibu na mlango.