Mchunga: Mboga Inayotupwa Pamoja na Magugu

Msimu wa palizi katika mashamba ya mihogo na mahindi ya Kigera, mchunga hung'olewa na kutupwa kando. Ni mmea wa jamii moja na alizeti, wenye maua madogo ya manjano na utomvu mweupe. Shina lake hutambaa chini ya ardhi; likikatwakatwa na jembe, vipande huchipua upya. Ndiyo sababu mkulima huuchukia, na ndiyo sababu pia mboga hii hurudi mwaka hata mwaka bila kupandwa.

Majani huchumwa yakiwa machanga, kabla ya mmea kuchanua, kwani baadaye uchungu huzidi. Asiyeuzoea huyachemsha kidogo na kumwaga maji, ijapokuwa sehemu ya vitamini C humwagika nayo. Iliyo bora ni kuyachanganya na mchicha au majani ya kunde, kisha kuyaunga kwa karanga zilizosagwa. Pwani huungwa kwa tui la nazi. Wapo wanaoupenda uchungu huo kama ulivyo, nao hawahitaji kufundishwa.

La kuangaliwa zaidi ni mahali pa kuchuma. Mchunga ulioota katika shamba la pamba lililopuliziwa dawa ya wadudu usichumwe, kwa kuwa kuosha hakuondoi sumu yote. Kando ya mitaro ya majitaka vilevile. Aidha, utomvu mweupe peke yake si alama ya kutosha: mnyaa nao hutoa utomvu kama huo, nao ni sumu. Asiyeufahamu mchunga aupeleke kwanza kwa ofisa ugani wa kata.