Aliyetangulia Kukaa Nyumbani

Mtu atakaye kujua habari za aliyekaa nyumbani mwake zamani, na aanze kwa wazee wa mtaa. Kisha atafute maandishi. Mwisho ayalinganishe, maana shahidi mmoja hatoshi.

Mfano ni huu. Huko Unguja, mtaa wa Shangani, iko nyumba kubwa yenye mlango wa nakshi. Mwenyewe alikuwa Hamed bin Muhammed, aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, akafa mjini humo mwaka 1905. Baadaye jamaa mbalimbali walikaa humo wakigawana vyumba. Mkaaji akiuliza, huenda akaambiwa, “Alikuwa tajiri wa pembe.” Ni kweli, lakini si yote.

Tippu Tip alieleza maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, na Mjerumani Heinrich Brode akayapiga chapa miaka ya 1902 na 1903. Humo husomwa zaidi habari za safari, vita na pembe kuliko mateso ya watumwa. Lakini Livingstone, aliyekutana naye bara mwaka 1867, aliandika katika safari zake habari za watu waliotiwa kongwa shingoni.

Basi mchunguzi asifiche neno kwa kuipenda nyumba yake, wala asizidishe kwa kumchukia mwenyewe. Aandike alilolithibitisha. Nakshi ni sifa ya fundi. Mwenye mlango hupimwa kwa matendo yake.

Maswali
1. Kwa nini shahidi mmoja hatoshi?
2. Nani alikaa nyumbani kwenu kabla yenu? Waulize wazee watatu.